Kabla ya kumlaumu mgeni, boksi ya intaneti ipimwe

BUNIA, Ituri — Katika parseli moja ya kartiye Mudzi-Pela, ugomvi ulianza na kitu kidogo cheupe kilichowekwa nyuma ya televisheni. Ni boksi ya intaneti ambayo kampuni ilimpa mwenye nyumba siku alipolipa forfe yake ya kwanza. Wakati ule nyumba ilikuwa na watu 6. Leo iko na watu 15, sababu ndugu za mke walifika kutoka teritware ya Djugu na magodoro mawili, sufuria moja na simu tatu. Juma la kwanza kila kitu kilienda sawa. Juma la tatu intaneti ikaanza kuzunguka tu bila kufungua kitu, na mega za mwezi zikaisha tarehe 19. Mwenye nyumba hakutazama boksi. Alitazama wageni. "Hawa batu banakula mega yetu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Siku ile shangazi aliyetoka Djugu akazima simu yake, na hakuiwasha tena mbele ya mwenyeji wake.

Maneno ya namna hiyo si ya parseli moja tu. Tangu vita viliporudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, familia nyingi za Bunia zinaishi mbili au tatu ndani ya uzio mmoja. Wengine wako kwenye site ya wahami ya Kigonze, na mchana wanapanda kwa ndugu zao mjini kuchaji simu na kutafuta habari. Kwa chakula, kwa maji, kwa choo, watu wana desturi ya kugawana. Mama wa nyumba anajua namna ya kuongeza unga ndani ya sufuria wageni wakifika. Kwa intaneti desturi hiyo bado haijazaliwa. Ikichelewa, kila mmoja anamtazama jirani yake kwa jicho baya.

Makala haya yanatetea jambo moja. Boksi ambayo kampuni inatoa inatosha kwa nyumba nyingi za Bunia, lakini haiwezi kuhukumiwa kwa macho, wala kwa maneno yaliyoandikwa kwenye karatoni yake. Ipimwe kwa watu walio kweli ndani ya parseli, kwenye pahali wanapokaa, na kwa saa wanayoitumia. Mwenye kupima atajua kama kosa ni la boksi, la kampuni, la umeme, au la mtu. Mwenye kukataa kupima atafanya makosa mawili: atatoa dola zake kununua boksi ingine isiyobadilisha kitu, na atamwonea mgeni aliyekimbia kifo.

Njia mbili, si moja

Kosa la kwanza la watu wengi ni kufikiri kwamba intaneti inafika kwa njia moja. Njia ziko mbili. Ya kwanza inatoka kwenye mnara wa kampuni mpaka kwenye boksi. Ya pili inatoka kwenye boksi mpaka kwenye simu, na hiyo ndiyo Wi-Fi. Ni kama bomba la REGIDESO na robine ya uani. Bomba likiwa kavu, kubadilisha robine ni kazi bure. Na kama bomba limejaa lakini robine imeziba, kumlalamikia aliyeleta bomba hakusaidii.

Boksi inahusika na njia zote mbili, ndiyo sababu watu wanachanganyikiwa. Simu ikionyesha alama zote za Wi-Fi, mtu anasema: "Mtandao uko sawa, ni boksi ndiyo mbaya." Zile alama zinaonyesha tu kwamba simu inasikia boksi vizuri. Hazisemi kitu juu ya namna boksi inavyosikia mnara. Habari hiyo iko kwenye taa za boksi yenyewe, au kwenye ukurasa wake wa ndani ambao anwani yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Huko nguvu ya mtandao inaandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri: -85 ni vizuri, -110 ni dhaifu. Mtoto wa sekondari anaweza kuisoma kwa dakika tano.

Vipimo vinne vya nyumbani

Kupima hakuhitaji fundi. Kunahitaji simu moja, karatasi, kalamu na uvumilivu wa siku mbili. Ukurasa wa fast.com unapima mwendo wa intaneti bure, lakini kila kipimo kinakula mega, basi mara chache zinatosha.

Kipimo cha kwanza ni cha saa. Mtu asimame metre moja mbele ya boksi asubuhi mapema, wengine wakiwa bado wamelala, apime na aandike. Arudi saa mbili ya usiku, pahali palepale, aombe wenzake waache simu dakika moja, apime tena. Kama asubuhi ni megabiti 12 na usiku ni 2, boksi haina kosa. Ni ileile, haikuzeeka kati ya asubuhi na usiku. Ni mnara wa kampuni uliojaa, sababu mji mzima unaingia kwa wakati mmoja. Kununua boksi ingine hapo ni kutupa pesa.

Kipimo cha pili ni cha umbali. Apime metre moja mbele ya boksi, kisha apime kwenye chumba cha mwisho, kule wageni wanakolala. Kama mbele ya boksi ni vizuri na chumbani ni vibaya, kosa liko kwenye Wi-Fi. Hata hapo, mara nyingi dawa ni kuhamisha boksi, si kununua ingine.

Kipimo cha tatu ni cha kadi, na ndicho kinachomaliza ubishi. Kama boksi inatumia kadi SIM, kadi itolewe na kuwekwa ndani ya simu nzuri ya 4G, pahali palepale na saa ileile. Simu ikipata mwendo uleule, boksi imeachiliwa na mahakama. Simu ikipata mara tatu zaidi, boksi ina kesi ya kujibu. Kampuni zingine zinafunga kadi isifanye kazi nje ya boksi; kwa hao, mtu aazime boksi ya jirani wa kampuni hiyohiyo, aiweke pahali palepale, apime nayo.

Kipimo cha nne ni cha watu. Boksi ndogo za mfukoni mara nyingi zinapokea simu 10. Zile za nyumbani mara nyingi zinaandikwa 32. Namba ikijaa, simu ya 11 inaona jina la Wi-Fi lakini haiingii, na mwenye simu anafikiri amefichwa neno la siri. Hapo chuki inazaliwa kwa sababu ya hesabu tu. Tena namba ya karatoni ni ya kuingia, si ya kutumia. Boksi inayopokea simu 32 haiwezi kuwaonyesha watu 32 filamu kwa wakati mmoja.

Neno moja juu ya namba. Kampuni zinatangaza megabiti, lakini faili za simu zinahesabiwa kwa megabaiti. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Mtu aliyeahidiwa megabiti 8 kwa sekunde atapakua megabaiti 1 kwa sekunde, na hajaibiwa.

Nani anakula mega?

Hapa ndipo hesabu inamtetea mgeni. Kuongea kwa sauti kupitia intaneti kunahitaji karibu megabiti 0,1 kwa sekunde. Kwa saa nzima ni kama megabaiti 45 za kwenda na 45 za kurudi, jumla 90. Ujumbe wa sauti wa dakika moja ni mdogo zaidi. Lakini YouTube kwa picha ya juu kabisa ya televisheni nyingi, ile inayoandikwa 1080, inahitaji karibu megabiti 5 kwa sekunde. Kwa saa moja ni zaidi ya megabaiti 2.200.

Maana yake ni kwamba saa moja ya filamu kwenye televisheni ya mwenye nyumba inakula sawa na karibu saa 25 za shangazi akiongea na mtoto wake aliyekimbilia Uganda. Filamu ileile, ikiwekwa kwenye picha ya 480, inakula kama robo tu, na kwenye skrini ndogo wengi hawaoni tofauti. Wageni wengi waliofika na simu ndogo wanatafuta sauti: habari ya kijiji, nani amefika salama, barabara gani imefunguliwa, tiketi za msaada zinagawiwa wapi. Hao si wao wanaomaliza forfe.

Wanaomaliza forfe mara nyingi ni wale wasioonekana. Simu ya kijana inayojisasisha yenyewe usiku. WhatsApp inayopakua yenyewe kila video ya kila gurupu. Picha zinazopanda zenyewe kwenye hifadhi ya mbali. Mtu mmoja akipandisha video ndefu, wengine wote wanakwama, sababu boksi nyingi za bei ndogo hazijui kugawa njia kwa haki. Mkubwa anapita kwanza, wadogo wanasubiri. Halafu kuna majirani. Mtoto wa nyumba anampa rafiki neno la siri, rafiki anampa kaka yake, na kufikia mwisho wa mwezi avenyu nzima inakunywa kwenye kikombe kimoja.

Ukurasa wa ndani wa boksi unaonyesha orodha ya simu zote zilizoingia. Kabla ya kutaja jina la mgeni, mwenye nyumba afungue orodha hiyo. Akihesabu simu 9 za nyumbani na kuona 17, ajue pa kutafuta. Neno la siri libadilishwe, na lile la kufungulia ukurasa wa ndani pia, sababu lile lililoandikwa chini ya boksi limesomwa na kila mtu aliyewahi kufagia sebule. Kwenye usalama achague WPA2 au WPA3. Boksi isiyo na hata WPA2 haifai kuwekwa nyumbani siku hizi, hata ikiwa ya bure.

Boksi nyingi ziko pia na mtandao wa pili, wenye jina lake na neno lake la siri. Umetengenezwa kwa ajili ya wageni, nao wasiseme ni ubaguzi. Unamwezesha mwenyeji kumwambia shangazi: "Hili ni neno lako, hakuna mtu atakuuliza." Na likivuja, linabadilishwa bila kusumbua nyumba nzima.

Pahali na umeme

Kama boksi ingeweza kulalamika, ingelalamikia pahali ilipowekwa. Bunia ina nyumba nyingi za matofali ya kuchoma na mabati. Ukuta wa tofali unapunguza mawimbi, bati linayarudisha. Boksi iliyofichwa nyuma ya televisheni, chini ya meza, au ndani ya kabati la chuma ili isiibwe, imefungwa mdomo. Ile inayotumia kadi SIM iwekwe juu, karibu na dirisha linalotazama upande wa mnara, ijaribiwe kwenye madirisha mawili au matatu huku namba ya nguvu ikisomwa. Kuhama kutoka kona ya sebule mpaka dirishani kunaweza kusaidia kuliko boksi mpya.

Boksi nyingi zina Wi-Fi za namna mbili. Ile ya 2,4 inafika mbali na inapenya ukuta, lakini ni ya polepole na imejaa majirani. Ile ya 5 ni ya haraka, lakini inachoka kwenye ukuta wa pili. Televisheni iliyo karibu iwekwe kwenye 5, simu za vyumba vya mbali zibaki kwenye 2,4. Boksi iliyo na 2,4 peke yake si takataka. Kwa nyumba ya watu wachache wenye forfe ya megabiti 5 au 10, inatosha. Na yule anayeambiwa dukani kwamba lazima anunue boksi ya Wi-Fi 6 ajiulize kwanza mnara unamletea nini. Boksi ya haraka haiwezi kugawa kile ambacho haikupokea.

Umeme ndio mtihani mkubwa. Ukikatika, boksi inazimika, na ikirudi na nguvu ya kupita kipimo, inaungua. Habari nzuri ni kwamba boksi inakula kidogo, karibu wati 10. Nyingi zinatumia volti 12, ndiyo sababu watu wanaziunganisha na batri ya pano ya jua. Batri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 inaweka wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi ni saa 8, lakini batri ya namna hii haifai kumalizwa kabisa, basi mtu ategemee saa 4 au 5. Mambo mawili yaangaliwe. La kwanza, asome maandishi kwenye chaja: kuna boksi za volti 9 na za volti 5, na hizo zikipewa 12 zinakufa. La pili, asiunganishe boksi moja kwa moja na pano, sababu pano inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa karibu volti 20 jua likiwa kali. Fundi akisema "haina shida", amwombe aweke boksi yake mwenyewe kwanza.

Boksi isiyotosha

Yote haya hayamaanishi kwamba kampuni zina haki siku zote. Kuna boksi ambazo hazitoshi, na mteja asione haya kusema hivyo. Boksi inayojizima na kujiwasha kila saa ikipata joto, haitoshi. Boksi inayopata megabiti 3 pale simu yenye kadi ileile inapata 10, haitoshi. Boksi inayokatika kila watu wanane wanapoingia, wakati karatoni inasema 32, haitoshi. Na boksi ya mfukoni ya simu 10 iliyouzwa kwa mtu aliyesema wazi kwamba ana nyumba ya watu 15, hiyo haikutosha tangu siku ya kwanza, na muuzaji alijua.

Kwa hali hizo mteja arudi na ile karatasi yake ya vipimo. Neno "intaneti ni mbaya" halimlazimishi mtu wa gishe kufanya kitu. Atajibu: "Zima, washa." Lakini karatasi inayosema "siku tatu, saa hii, pahali hapa, boksi 3, simu 10, kadi ni ileile" ni ngumu kuikimbia. Fakture ihifadhiwe pamoja na karatoni. Boksi ikibadilishwa, vipimo virudiwe siku hiyohiyo.

Mwenye kutaka kununua yake mwenyewe awe mwangalifu na boksi za mkono wa pili zinazoingia kutoka Uganda. Ziko nzuri ndani yake, lakini zingine zimefungwa kwa mtandao mmoja wa kule na hazipokei kadi ya Congo. Muuzaji akubali kuijaribu na kadi ya mnunuzi kabla ya pesa kutoka mfukoni. Tena mwenye boksi yake ajue kwamba siku ya shida kampuni itasema: "Si boksi yetu." Boksi ya kampuni, hata ikiwa ya kawaida, ina faida hiyo moja: mwenye kuitoa hawezi kunawa mikono.

"Tununue ya satelaiti"

Kuna wanaosema haya yote ni kupoteza wakati, Starlink itamaliza kila kitu. Ni kweli mlango umefunguka: ARPTC, mamlaka inayosimamia simu na intaneti, iliikataza mwaka 2024, kisha ikaipa ruhusa mwezi wa tano 2025. Kwa shule, kituo cha afya au radio iliyo mbali na minara, inaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini familia inayoishi kwa pano moja ihesabu kwanza. Sahani ya kawaida ya Starlink inakula kati ya wati 75 na 100. Hata ile ndogo inakula kati ya 25 na 40. Boksi ya 4G inakula karibu 10. Batri inayoshika boksi usiku wote itaisha mapema kwa sahani. Na ndani ya nyumba, ukuta wa tofali ni uleule, bati ni lilelile, neno la siri linavuja vilevile. Nyumba isiyojua kugawana intaneti ya mnara haitajua kugawana ya mbinguni.

Wengine wanauliza swali lililo zito zaidi: nani ana haki ya kuongea juu ya Wi-Fi wakati watu wanalala chini ya shiti? Swali ni la haki, na jibu liko kwa wanaolala chini ya shiti wenyewe. Mama aliyeachana na watoto wake njiani, kitu anachoomba baada ya maji na chakula ni simu. Sauti ya mtoto anayesema "niko hai, niko Kyangwali" si anasa. Ndiyo maana neno la siri linalofichwa mbele ya mhami linauma kuliko anayelificha anavyofikiri.

Deni la kampuni

Kampuni zinazouza intaneti Ituri zina mambo matatu ya kufanya, na hakuna hata moja linalohitaji mnara mpya. Kwanza, kabla ya kuuza boksi, zimwulize mteja ana watu wangapi, siyo tu ana dola ngapi. Leo Bunia parseli ya watu 15 si kitu cha ajabu, ndiyo hali ya kawaida. Pili, ziandike kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, boksi inashika simu ngapi, volti ngapi, neno la siri linabadilishwa namna gani, na dhamana inadumu miezi mingapi. Kitabu cha Kifaransa na Kichina kinachokuja ndani ya karatoni hakimsaidii mama wa Mudzi-Pela. Tatu, ziseme ukweli juu ya saa za jioni. Mteja akijua kwamba mnara unajaa kati ya saa moja na saa nne ya usiku, atapakua masomo ya mtoto asubuhi, na hatagombana na mtu.

Anayesema kampuni na serikali hazisikii kamwe akumbuke RAM, ile ada iliyokuwa ikikatwa kwenye simu tangu 2020. Watu walilalamika inchi nzima, Bungeni na mitaani, mpaka ikafutwa mwaka 2022. Walifaulu sababu malalamiko yalikuwa na namba: kila mtu alijua ni unite ngapi zimekatwa kwake. Kwa boksi za intaneti ni vilevile. Shefu wa kartiye, shirika la raia, kamati ya wahami, kila mmoja anaweza kukusanya karatasi kumi za vipimo na kuzipeleka kwenye ofisi ya kampuni kwa siku moja. Kumi zenye namba zina uzito kuliko mia zenye hasira.

Kule Mudzi-Pela, mwanafunzi mmoja wa nyumba ndiye aliyechukua kalamu. Asubuhi alipata megabiti 11 mbele ya boksi, na chumbani kwa wageni 1. Kwenye orodha alihesabu simu 18, nyumba ina 9. Boksi ilihamishwa kutoka nyuma ya televisheni mpaka juu ya dirisha, neno la siri likabadilishwa, televisheni ikawekwa kwenye picha ya 480. Hakuna dola iliyotoka. Chumbani kwa wageni sasa inafika megabiti 6. Jioni mnara bado unajaa, na hilo limeandikwa kwenye karatasi inayosubiri kupelekwa kwa kampuni.

Mwenye nyumba hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alimpa shangazi karatasi ndogo yenye neno la siri jipya, akamwonyesha pahali pa kuketi karibu na dirisha. Jumapili shangazi aliwasha simu yake mbele ya watu wote, akaita Uganda, akaongea dakika 40. Kwa hesabu ni kama megabaiti 60.